Gari Lililotelekezwa: Na Nani?



Mwezi uliopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili hapa Uganda kabla hajahamia Marekani. Siku hizi anaishi katika jimbo la Washington, kusini mwa jiji la Seattle, mahali ambapo wamehamia wakimbizi wengi kutoka Kongo. Kwa kuwa anakijua Kiswahili na Kiingereza, majirani humletea barua zao awasomee. Safari hii aliyebisha hodi ni mzee wa Kikongo aliyeandikiwa na serikali ya mji kuhusu gari lake lililosimama kando ya nyumba anayopanga. "Mwalimu," kijana aliniandikia, "barua imelipa gari hili jina ambalo sijui kulitafsiri. Niseme gari bovu, gari kuukuu, au nimwambie tu kwamba wanaliita takataka? Mzee anasema motokari yake si mbovu, inangoja pesa ya injini."

Sikumjibu siku ile, wala siku iliyofuata. Sababu nitakueleza, ila kwanza tuyapime maneno yenyewe, kwani ndiyo kazi iliyotukutanisha hapa.

Gari bovu ni gari lenye kasoro. Leo halitembei; kesho fundi akija, litatembea. Gari kuukuu ni gari la zamani tu, na laweza kuwa la mwaka 1985 na bado likapanda mlima kuliko lako. Mkweche ni neno tunalolitumia sana kwetu Tanzania, neno la utani, kwa gari linalotoa moshi na kelele lakini hatimaye likafika. Gari chakavu ni lile lililoliwa na matumizi na kutu hata thamani yake ikawa haipatikani kwa urahisi. Kisha mtu akisema vyuma chakavu, gari limekwisha kuwa mzigo wa kutiwa kwenye mizani na kuuzwa kwa kilo. Ni ngazi tano hizo, na ugomvi mwingi wa mitaani hutokea kwa sababu mwenye gari amesimama kwenye ngazi ya kwanza na jirani yake kwenye ya mwisho, huku wote wawili wanatazama bati lilelile. (Wanafunzi wangu hupenda kuongeza kwamba taka la kitenzi na taka la nomino ni ndugu, ndiyo maana anachokitupa mmoja hutakwa na mwingine. Sina hakika na undugu huo, lakini sijawahi kuwakataza kuusema.)

Lililonichelewesha kujibu ni neno la sita: gari lililotelekezwa. Litazame lilivyojengwa. Kitenzi ni telekeza, yaani kuacha kitu au mtu bila uangalizi, kama baba anavyoweza kutelekeza watoto. Kabla ya irabu ya mwisho imeingia w, alama ya kauli ya kutendwa. Kauli ya kutendwa ina hila moja: inakuruhusu kueleza tendo bila kumtaja mtenda. Ukisema "gari limetelekezwa", sentensi yako imekamilika kisarufi, na hakuna atakayekuuliza swali. Limetelekezwa na nani? Miaka mitatu iliyopita nilitia sahihi yangu chini ya sentensi kama hiyo, bila kuuliza.

Ninaishi katika mji ulio karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, ambako Kiswahili husikika sokoni kila siku. Kwenye njia ya kwenda kisimani palikuwa na Toyota Corolla iliyosimama juu ya mawe. Haikuwa na magurudumu. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika, na nyasi ziliota hadi kufikia milango. Ndani yake palikuwa na matairi mawili ya zamani yaliyojaa maji ya mvua. Watoto walicheza humo, na mmoja alikatwa mguu na bati lenye kutu hata akashonwa. Usiku vijana walikaa ndani wakivuta walichokivuta. Basi sisi wakazi tukaandika ombi kwa ofisi inayohusika, tukisema kwamba kuna gari lililotelekezwa, linaziba njia, linahatarisha watoto na linazalisha mbu wa malaria. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, niliombwa kunyoosha lugha. Niliinyoosha. Watu 31 tulitia sahihi.

Nikiri hapa kosa moja dogo kabla ya lile kubwa. Kuhusu malaria tuliandika kwa mazoea. Mbu wanaopenda hasa maji yaliyotuama ndani ya tairi ni wa jenasi ya Aedes, na hao hueneza dengi, homa ya manjano na Zika, ambayo virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, hapahapa nchini. Mbu wa malaria hupendelea zaidi madimbwi ya ardhini. Madhara yalikuwepo, ila tulibandika jina lililotujia mdomoni upesi, na jina la gari tulilibandika vivyo hivyo.

Lori la kuvuta magari lilikuja asubuhi moja ya Jumanne. Hakuna karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, hakuna mtu aliyegonga mlango wowote. Gari lilinyanyuliwa, likaondoka, na watoto walilikimbilia nyuma wakipiga mbinja. Tulifurahi. Mimi mwenyewe nilipita njia ile jioni nikaona jinsi palivyopanuka.

Siku ya tatu alikuja nyumbani mama mmoja anayekaa nyumba ya nne kutoka kisimani. Alikuwa na daftari la shule mkononi. Baada ya salamu na chai, alisema, "Mwalimu, nimekuja unisaidie kuandika barua. Gari la marehemu limechukuliwa." Mume wake alikuwa dereva wa teksi. Alipofariki, gari lilibaki, na mama hakulitelekeza hata siku moja. Alikuwa akiliuza. Betri ilikwenda muhula wa kwanza baada ya mazishi. Rimu nne zikaenda kwa sare na vitabu. Radieta, taa, viti vya mbele, kila kimoja kilikuwa na tarehe yake katika daftari lile, pamoja na jina la fundi aliyenunua na ada iliyolipwa. Vilivyobaki ni injini na gia boksi, alivyoviweka kwa ajili ya mwaka wa mwisho wa binti yake sekondari. Fundi alikuwa amekwisha kutoa ahadi ya bei.

Nilichukua kalamu. Nikamwandikia kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, ili nisipotoshe, halafu nikaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho kinachosomwa ofisini. Nilipofika kwenye aya inayosema kwamba wakazi ndio waliolalamika, aliniuliza bila kuinua sauti, "Na wewe ulitia sahihi, mwalimu?"

Nilimwambia ndiyo, na kwamba maneno ya ombi lile yalikuwa yangu.

Alinyamaza, akaitazama chai yake. Kisha akasema, "Basi hii nayo iandike vizuri."

Sasa umeelewa kwa nini ujumbe wa kijana wa Washington ulinikalisha siku mbili. Mwishoni nilimjibu kwamba atumie "gari chakavu", lakini asimwambie mzee neno lolote kabla ya kunitumia barua nzima. Aliituma. Niliisoma, nikatafuta na sheria ya jimbo lile, nami ningependa uisome pamoja nami, kwa sababu ina mambo ambayo sentensi yetu ya mtaani haikuwa nayo.

Kwanza, sheria ya Washington haimwachii jirani wala ofisa kuamua kwa macho kwamba gari ni chakavu. Imeweka alama nne, na gari lazima litimize angalau tatu kati ya hizo: liwe na umri wa miaka 3 au zaidi, liwe limeharibika sana, kwa mfano kioo kimevunjika, au magurudumu, injini au gia boksi haipo, lionekane wazi kwamba haliwezi kutembea, na thamani yake iwe takribani ile ya vyuma chakavu vilivyomo. Ni kipimo cha kawaida tu, wala sikisifu kwa ufundi wake. Faida yake ni kwamba kinaweza kubishaniwa. Mzee wa Kikongo anaweza kuonyesha kwamba gari lake lina thamani kuliko chuma. Sisi mtaani hatukuwa na kipimo, kwa hiyo hapakuwa na la kubishania.

Pili, jimbo linaziruhusu serikali za miji na kaunti kutunga kanuni za kuondoa magari ya namna hiyo kwenye viwanja vya watu, lakini linazifunga mikono kwa masharti. Lazima taarifa ipelekwe kwa mwenye gari wa mwisho aliyeandikishwa na kwa mwenye ardhi. Taarifa lazima iseme kwamba wanaweza kuomba kusikilizwa. Mwenye ardhi akithibitisha kwamba gari liliwekwa hapo bila ridhaa yake, hatozwi gharama za kuliondoa. Gari lililofungiwa kabisa ndani ya jengo, lisiloonekana kutoka barabarani, haliguswi. Barua ya mzee ilimpa siku 15 za kuomba kusikilizwa, na siku hizo zilikuwa zimeandikwa kwa wino mzito katikati ya ukurasa. Kijana wangu alikuwa ameiruka sehemu hiyo, maana macho yake yalinaswa na lile jina la kudharaulisha.

Nilirudi kwenye zile alama nne nikajaribu kuipima Corolla ya mama. Umri ulipita miaka 3 mara nyingi. Magurudumu hayakuwepo na kioo kilivunjika. Haikuweza kutembea. Tayari ni tatu. Kwa sheria ya Washington, gari lile lingehesabiwa kuwa chakavu bila shaka yoyote, na lingeondolewa kwa haki. Hili lilinisumbua, kwa kuwa nilitarajia sheria ya wenzetu itamtetea mama kwa kuliita gari lake kitu kingine. Haikumtetea hapo. Ingemtetea kwenye siku 15. Kwa siku 15 angemwita fundi, injini ingefunguliwa, gia boksi ingeshushwa, ada ingelipwa, na Jumanne lori lingechukua bati tupu huku mama amesimama mlangoni akiangalia.

Usidhani kwamba Wamarekani wamemaliza tatizo. Kijana ananiambia kwamba jirani na anakokaa kuna uwanja wa nyumba za magurudumu, na huko hadithi ni ngumu kuliko ya magari. Nyumba za namna hii hujengwa kiwandani juu ya chesisi, zikavutwa na lori hadi kiwanjani. Mara nyingi hati yake ya umiliki hufanana na ya gari kuliko ya jengo. Mara nyingi pia mwenye nyumba hana ardhi: nyumba ni yake, kiwanja amepanga. Mtu akifa, akifukuzwa kwa kutolipa kodi, au akiondoka tu usiku, mwenye kiwanja hubaki na nyumba isiyo yake. Zile zilizotengenezwa kabla ya Juni 1976, wakati serikali ya shirikisho ilipoanza kutumia viwango vyake vya ujenzi, ni ngumu zaidi kuhamishwa, na baadhi zina asbesto ambayo huwezi kuivunja kwa nyundo ukaitupa jalalani. Gharama ya kuivuta au kuibomoa hupita thamani yake. Tena katika jimbo la Washington, ili upewe kibali cha kuihamisha barabarani, sharti mweka hazina wa kaunti athibitishe kwamba kodi ya nyumba hiyo imelipwa. Ni sharti la maana kwa mkusanya kodi, lakini kwa maskini anayedaiwa ni kufuli. Nyumba haikaliki, haiondoki, na kila mwaka paa linazidi kudidimia. Ukiuliza imetelekezwa na nani, utapata majina matatu au manne, na kila mmoja wao ana barua ya kumwonyesha mwingine.

Hapa kwetu nyumba za magurudumu hatuna, ila magari tunayo. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje ya nchi yalikotumika kwanza, na sehemu kubwa ilikuja Afrika. Nchi zetu zimejibu kwa kulinda lango la kuingilia. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8. Uganda iliweka mwaka 2018 mpaka wa miaka 15. Lango la kutokea, yaani gari linapokufa liende wapi, kwa mkono wa nani na kwa utaratibu gani, hatujalishughulikia kwa bidii ileile. Pita kwenye vituo vya polisi vya Afrika Mashariki uone magari ya ajali na ya vielelezo yaliyokaa hadi miti imeota kupitia boneti. Kenya angalau ina Sheria ya Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38, na ukifungua magazeti yao utaona matangazo yenye namba za magari yakiwataka wenyewe wayachukue, kwa kawaida ndani ya siku 30, kabla hayajapigwa mnada. Matangazo hayo hayapendezi kusoma, lakini mimi huyatumia darasani. Yanafundisha namba, tarehe, na jinsi ofisi inavyopaswa kumwambia mtu inachokusudia kumtendea.

Tena si kwamba Uganda hatuna pa kushika. Katiba ya mwaka 1995, Ibara ya 39, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Hapo ndipo tuliposimama sisi watu 31, na tulikuwa na haki ya kusimama. Ibara ya 26 inalinda mali. Inakubali kwamba mali inaweza kuchukuliwa, hata kwa ajili ya afya ya umma, lakini kwa mujibu wa sheria, kwa fidia ya haki, na mlango wa mahakama ukiwa wazi. Ibara ya 42 inasema kwamba anayefika mbele ya ofisa wa utawala ana haki ya kutendewa kwa uadilifu, na anaweza kwenda mahakamani kuupinga uamuzi uliomdhuru. Ombi letu lilijua ibara moja. Barua ya mama nilijitahidi itaje zote tatu, ile iliyokuwa yetu ikiwemo, maana hakutaka kuficha kwamba mtoto wa jirani alikatwa mguu. Alisema niandike kwamba angeyatoa matairi yale siku hiyohiyo kama mtu angemwambia.

Zoezi langu kwako, kwa kuwa hii bado ni kazi ya lugha: chukua sentensi "Gari lililotelekezwa litaondolewa" uigeuze iwe kauli ya kutenda. Utalazimika kumtaja aliyelitelekeza na atakayeliondoa. Ukishindwa kumtaja wa kwanza, usitie sahihi bado; nenda ukaulize nyumba ya nne kutoka kisimani.

Kuhusu mzee wa Kikongo, kijana alimpeleka kuomba kusikilizwa siku ya 12. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi. Hakupata pesa ya injini, lakini alimpata mnunuzi wa vipuri, akaliuza gari mwenyewe, akapewa risiti yenye jina lake.

Mama naye tulikwenda pamoja ofisini kupeleka barua. Karani aligonga muhuri wa kupokea, akatuambia kwa upole kwamba gari lilikuwa limekwisha kukatwa na kupimwa, na kwamba kwenye orodha liliandikwa "halina mwenyewe". Injini haikuandikwa popote. Nakala yenye muhuri ninayo, majibu hayajaja. Binti alirudi shule muhula uliofuata, akiwa amechelewa wiki tano, kwa ada tuliyochanga sisi tuliotia sahihi. Watu 31 tulitia sahihi. Waliochanga walikuwa 14.